Kabla mzigo wa dawa haujavuka ziwa

Fomu ya kuomba kibali cha kupeleka dawa nje ya nchi unaimaliza chai haijapoa. Kinachokula wiki, na mara nyingine miezi, ni yale yanayotakiwa yawe kweli kabla hujaigusa: dawa imetengenezwa wapi, kwa kipimo gani, nani kaipima, na je, nchi inakokwenda inaukubali upimaji huo? Vijana wanaokuja kuniuliza hapa Mwanga, Kigoma, huanza na fomu. Mimi huwarudisha stoo.

Mimi ni mfamasia, nina duka la dawa la jumla Kigoma mjini, na wateja wangu wakubwa wako ng'ambo ya Ziwa Tanganyika: Kalemie na Uvira kule Kongo, kidogo Bujumbura, Burundi. Ninachoandika hapa ni kwa ajili ya mwenzangu mwenye duka kama langu, ambaye mnunuzi wa kwanza kutoka Kongo ameshamtumia orodha kwenye simu naye hajui aanzie wapi.

Hiyo dawa ni yako kuiuza?

Chukua boksi moja, lisome pande zote. Ukiona herufi GOT kwenye lebo au kwenye kidonge chenyewe, liache hapo hapo wala usiulize bei. Hiyo ni dawa ya serikali iliyopitia Bohari ya Dawa, MSD, na hakuna kibali kitakachoihalalisha. Kigoma tuko jirani na mipaka miwili na kambi za wakimbizi, kwa hiyo hakosi mtu wa kukuletea mzigo wa bei ya kutupa akiapa kwamba ni mabaki. Dawa za msaada nazo ni hivyo hivyo.

Ukishajua ni yako, tazama usajili. Jengo lako na mfamasia wako ni mambo ya Baraza la Famasi. Dawa yenyewe ni ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ile ambayo hadi katikati ya 2019 tuliiita TFDA, kabla chakula na vipodozi havijahamishiwa TBS, Shirika la Viwango. Watu huzichanganya ofisi hizi mbili, wanapeleka hati za huku kule, wanapoteza wiki nzima. Ofisi ya kanda yetu iko Tabora. Zamani ulikuwa unapanda treni na bahasha kwapani, siku hizi mengi yanakwenda kwa mtandao.

Kusajiliwa huku hakumaanishi imesajiliwa kule. Kongo wana mamlaka yao, ACOREP; Burundi wana ABREMA. Kila mmoja ana daftari lake la dawa zinazoruhusiwa kuuzwa nchini mwake, na dawa isiyomo humo ni sawa na magendo hata kama huku inauzwa kila mtaa.

"Lakini Mama, si tuko Jumuiya moja?" aliniuliza kijana mmoja wa Ujiji.

Tuko. Burundi iliingia 2007, Kongo 2022. Mpango wa kuoanisha usajili wa dawa Afrika Mashariki ulizinduliwa Arusha 2012, na umesaidia: dosia ya dawa, yaani faili la maelezo yake yote, sasa inaandikwa kwa mpangilio mmoja wa sehemu 5, na wataalamu wa nchi mbalimbali wanaweza kukaa meza moja wakaikagua pamoja. Ila cheti cha kuiuza bado kila nchi inajitolea chenyewe. Kwa hiyo kanuni ya dukani kwangu ni hii: sifungi hata katoni moja kabla mnunuzi hajanitumia kibali chake cha kuingiza dawa, kikiwa na jina la dawa, nguvu yake, kiasi, na kiwanda kilichoitengeneza. Kiwanda, nasisitiza. Paracetamol ya kiwanda kimoja ikisajiliwa Kinshasa, ya kiwanda cha jirani yake haikusajiliwa.

Cheti cha uchambuzi, mstari kwa mstari

Hapa ndipo pa kukaa, kwa sababu hapa ndipo kiwango cha ubora kinapogeuka kuwa ndiyo au hapana ya kibali.

Kiwanda hutengeneza dawa kwa mafungu. Kila fungu lina namba, ndiyo tunayoiita bachi, na kila bachi ina cheti chake cha uchambuzi kutoka maabara. Sokoni utasikia watu wakikiita COA. Cheti hicho kinazungumzia bachi hiyo moja tu.

Tuchukue vidonge vya paracetamol vya miligramu 500, maana ndivyo vinavyovuka ziwa kuliko dawa nyingine yoyote ninayouza. Tafuta kwanza neno linaloonyesha kipimo kilichotumika. Utakuta BP au USP. BP ni farmakopia ya Uingereza, USP ya Marekani: vitabu vinavyosema kidonge kizuri kiweje. Wengi wetu tunavisoma kama mapambo. Sasa tazama. BP inataka vidonge vya paracetamol viwe na dawa kati ya asilimia 95 na 105 ya kilichoandikwa kwenye lebo, yaani miligramu 475 hadi 525. USP inaruhusu asilimia 90 hadi 110, yaani 450 hadi 550. Bachi yenye asilimia 94.1 ina miligramu 470.5 kwa kidonge. Kwa USP imefaulu vizuri. Kwa BP imeanguka. Mgonjwa hatahisi tofauti, lakini kama boksi limeandikwa BP na dosia iliyosajiliwa kule inasema BP, bachi hiyo haiendi. Nimewahi kuona cheti kimeandikwa USP na boksi BP, na muuzaji wa Dar akiniambia, "Dada, hiyo ni karatasi tu." Karatasi hiyo ndiyo mzigo.

Shuka chini ya cheti. Kuna mstari wa kusambaratika: kidonge kisicho na ganda, kikiwekwa kwenye maji yenye joto la mwili, kinatakiwa kivunjike ndani ya dakika 15. Kuna mstari wa kuyeyuka, wa uchafu wa kikemikali, wa uzito. Kila mstari una safu mbili, kinachotakiwa na kilichopatikana. Ukiona safu ya kilichopatikana imejazwa neno "imefaulu" kuanzia juu hadi chini bila hata tarakimu moja, rudisha. Maabara iliyopima kweli ina namba za kuonyesha.

Mstari wa uzito unaweza kuujaribu mwenyewe. Nina mizani ndogo ya wapima dhahabu, inasoma hadi sehemu moja ya elfu ya gramu, yaani miligramu moja. Nachukua vidonge 20, napima kimoja kimoja, natafuta wastani. Kwa kidonge kinachozidi miligramu 250, vidonge 2 tu kati ya 20 vinaruhusiwa kupotoka zaidi ya asilimia 5 kutoka kwenye wastani, na kisiwepo hata kimoja kinachozidi asilimia 10. Wastani ukiwa miligramu 580, nataka 18 viangukie kati ya 551 na 609. Mizani yangu haitofautishi paracetamol na chokaa, nalijua hilo, wala haichukui nafasi ya maabara. Ila imewahi kunikamatia bachi ambayo vidonge 6 vilikuwa nje ya mstari, na sikuhitaji kumuuliza mtu kama niipeleke.

Sasa namba ya bachi. Hapa nitajisema mwenyewe. Mwaka mmoja nilipokea katoni 40 za paracetamol kutoka Dar, bachi mbili ndani ya mzigo mmoja, namba zinafanana hadi herufi ya mwisho: moja ilimalizikia B, nyingine 8. Usiku, taa hafifu, mimi na haraka zangu, nikaambatisha cheti kimoja kwa zote. Mkaguzi gatini alifungua katoni ya tatu, akatoa bamba la vidonge, akaligeuza kwenye mwanga, akatazama cheti, akatazama tena bamba.

"Mama, hiki cheti ni cha dawa nyingine."

"Ni paracetamol ileile, mwanangu."

"Ileile kwa jina."

Siku nne mzigo ulikaa bandarini nikilipia sehemu ya kuweka, hadi cheti cha pili kilipofika. Mteja wangu wa Kalemie alinipigia, "Dada, boti ilifika, bintu yangu iko wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Tangu hapo tunasoma namba watu wawili: mmoja anasoma kwenye boksi kwa sauti, mwingine anafuatisha kwenye cheti kwa kidole. Inachosha. Tunaendelea kufanya hivyo.

Sirapu ni habari nyingine

Ukitaka kuona jinsi kiwango cha ubora kinavyoweza kubadilisha sheria ya kibali, tazama dawa za maji za watoto. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu sirapu 4 zilizotengenezwa India na kupatikana Gambia, zikihusishwa na vifo vya watoto 66 waliofeli figo. Ndani yake mlikutwa diethilini glaikoli na ethilini glaikoli, kemikali za viwandani zinazoua figo. Huingiaje? Sirapu hutengenezwa kwa vimiminika vizito na vitamu kama gliserini na propilini glaikoli, na vimiminika hivyo vikinunuliwa vichafu au vya kughushi, sumu inaingia navyo. Kikomo kinachokubalika ni asilimia 0.10. Ulimi hauwezi kuitambua, maana nayo ina utamu.

Kabla ya hapo, kiwanda cha India kilitosha kujipimia chenyewe. Kuanzia tarehe 1 Juni 2023 serikali ya India iliweka sharti jipya: sirapu ya kikohozi haitoki nchini humo mpaka sampuli ipimwe kwenye maabara zilizotajwa na serikali na mzigo uwe na cheti chake. Dawa ileile, kiwanda kilekile, lakini mlango wa kutokea umehamishwa kutoka ofisini hadi maabara.

Sisi tunaonunua Dar na kuuza ng'ambo inatuhusu hivi: kwenye cheti cha sirapu yoyote, tafuta mstari unaotaja kemikali hizo mbili kwa majina. Usipokuwepo, mwandikie aliyekuuzia akupe matokeo ya malighafi au ya dawa iliyokamilika. Mnunuzi wangu wa Uvira siku hizi anauliza mstari huo kabla ya bei, na namheshimu kwa hilo.

Cheti cha bidhaa, na nani anakitoa

Mnunuzi anayetaka kusajili dawa kwao atakuomba cheti kinachofuata mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza 1969, wa kuthibitisha ubora wa dawa zinazovuka mipaka. Kinajibu maswali machache mazito: je, dawa hii imesajiliwa nchini inakotoka? Inauzwa huko? Kiwanda kinakaguliwa mara kwa mara, na kinafuata kanuni za utengenezaji bora?

Kosa la wengi ni kukimbilia TMDA kuomba cheti hicho kwa dawa iliyotengenezwa India au Kenya. TMDA inaweza kusema habari za kiwanda kilicho chini yake. Cha nje huombewa cheti na kiwanda chenyewe kwa mamlaka ya nchi yake, nawe ni mtu wa kati tu, unasubiri. Kama dawa imetengenezwa Tanzania, uko mahali pazuri: mamlaka yetu ilikuwa ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya 3 ya ukomavu kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2018, na maabara yake ya Dar ilikwisha kutambuliwa na shirika hilo tangu 2011. Mnunuzi anayekubishia bei hatajali. Mkaguzi wa kwao atajali.

Na lugha. Kalemie na Bujumbura ofisi zinasoma Kifaransa. Kipeperushi cha Kiingereza na Kiswahili kinachopita kwetu kitakwamisha mzigo kule. Ulizia mapema kama kiwanda kina pakiti ya Kifaransa. Usithubutu kubandika karatasi yako juu ya lebo, hata mteja akikuomba.

Joto

Dawa hupimwa itadumu muda gani kwa kuwekwa kwenye makabati ya joto na unyevu. Ile ya soko la Ulaya hupimwa kwa nyuzi 25 na unyevu asilimia 60. Kwa nchi za joto na unyevu kama yetu, nyuzi 30 na asilimia 65, au 75 kwa penye unyevu zaidi. Kuna pia jaribio la haraka, nyuzi 40 kwa miezi 6. Ukiona boksi limeandikwa "hifadhi chini ya nyuzi 25", jiulize kabla ya mkaguzi hajakuuliza: chini ya turubai jeusi, juu ya boti ya mbao, saa nane mchana pale bandarini Kibirizi, ni nyuzi ngapi?

Mimi niliwahi kujiuliza baada ya tukio. Ng'ambo wanazipenda sana suppositori, dawa za kuingizwa njia ya haja kubwa, kuliko sisi. Zimetengenezwa kwa mafuta yanayotakiwa kuyeyuka kwenye joto la mwili, na turubai halijui tofauti ya mwili na katoni. Zilifika supu. Zilikuwa na vyeti vyote, kibali safi, mihuri yote. Nikamrudishia mtu hela yake. Sasa naweka kipimajoto kinachorekodi katikati ya mzigo, hakizidi ukubwa wa kiberiti, na mzigo wa aina hiyo unaondoka jioni au hauondoki.

Siku ya fomu

Ukifika hapa kazi imekwisha, kilichobaki ni kuandika. Unaingia kwenye mfumo wa TMDA na akaunti ya duka lako, unachagua kusafirisha nje, unaambatisha profoma, yaani ankara ya awali, kibali cha mnunuzi, vyeti vya uchambuzi na orodha. Kwenye orodha andika jina la kitaalamu la dawa, nguvu, umbo, kiwanda, nchi, namba ya bachi, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, kiasi. Jina la kibiashara peke yake halitoshi. Wakala wako wa forodha atatangaza mzigo kwa upande wa TRA, mamlaka ya mapato. Dawa zilizokwisha fungwa kwa dozi huangukia fungu la 3004 kwenye orodha ya bidhaa ya forodha, na kiasi chake kilingane na cha kibali hadi boksi la mwisho.

Andika mlango utakaotokea na uufuate. Kama umeandika bandari ya Kigoma, usimwache dereva akushawishi kupitia mpakani Manyovu kwa sababu boti imechelewa.

Dawa zenye udhibiti usizichanganye na orodha ya kawaida hata kwa boksi moja. Kwa mofini na pethidini, mkataba wa kimataifa wa 1961 unataka nchi inayopokea itoe idhini kwanza, kwa kiasi kilichotajwa, ndipo nchi inayopeleka itoe yake. Diazepamu na fenobabitali ziko chini ya mkataba wa 1971, nazo zina taratibu zake. Mteja wangu mmoja alinisihi nimchomekee diazepamu "kidogo tu, Mama, ya hospitali". Nilimwambia hospitali iandike. Haikuandika.

Baada ya boti kuondoka

Kila bachi inayovuka naiachia pakiti 2 kwenye kabati la stoo, zimeandikwa tarehe na jina la aliyenunua, na zinakaa hapo mpaka mwaka mmoja baada ya muda wake kuisha. Nina daftari kubwa la mistari, la kawaida kabisa: bachi, katoni ngapi, nani, boti gani, namba ya simu. Vijana wananicheka, wanataka niweke kwenye kompyuta. Kwenye kompyuta ipo pia.

Ilitokea mara moja kiwanda kuandika kwamba bachi fulani ya amoksilini irudishwe. Ilikuwa Jumamosi. Nilifungua daftari, nikakuta katoni 18: kumi na moja Kalemie, saba Uvira. Nikapiga simu mbili. Yule wa Uvira alikuwa ameshauza mbili. Alitaja zahanati alizoziuzia, akatuma mtu wa pikipiki. Zilirudi katoni 16 na mabamba kadhaa yaliyokatwa katikati, yamefungwa kwenye mfuko wa plastiki wenye harufu ya migebuka.